Zebaki: Jina la Uhai, Moshi wa Sumu

Kivumishi cha Kihispania *vivo*, chenye maana ya "hai", kinatokana na kivumishi cha Kilatini *vivus*, na kwa mtazamo wa haraka hakina uhusiano wowote na mialo ya kuchenjulia dhahabu iliyotapakaa kuanzia Kahama na Msalala mkoani Shinyanga hadi Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa mkoani Geita. Hata hivyo, kila mchimbaji mdogo anapoitaja zebaki, yaani ile metali ya majimaji inayomiminwa kwenye karai ili ikamate chembe za dhahabu, hutamka neno ambalo kwa asili ni ndugu wa tumbo moja na kivumishi hicho, na ndani ya undugu huo mna historia ya miaka 2000 ya watu waliochimba, walioosha na waliochoma madini kwa njia inayokaribiana sana na ile inayotumika leo kusini mwa Ziwa Viktoria. Historia hiyo inastahili kusimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa lugha mojawapo iliyopitia njia hiyo ilimpatia jina mtu aliyeharibiwa na zebaki, ilhali Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya mialo yote ya ukanda wa dhahabu, bado hakijampa mtu huyo jina lolote.

Warumi waliiita zebaki *argentum vivum*, maneno mawili yenye maana ya "fedha hai", na aliyewahi kuiona zebaki ikimwagwa hahitaji kuelezwa sababu. Zebaki ndiyo metali pekee iliyo majimaji katika joto la kawaida la chumba, na haigandi mpaka baridi ifike nyuzi 39 chini ya sifuri. Ikidondoka juu ya kitu bapa hutawanyika kuwa shanga ndogo zinazong'aa, zikakimbia huku na huko, kisha zikakutana na kuungana tena kana kwamba hazikuwahi kuachana. Mtu wa kale aliyezoea kuona shaba na chuma vikitulia pale vilipowekwa hakupata neno la kuieleza metali hiyo isipokuwa lile alilolitumia kwa mnyama na mmea. Kilatini kilipogawanyika kuwa lugha mbalimbali, *vivus* ikawa *vivo* katika Kihispania na Kiitaliano na *vif* katika Kifaransa, na Wahispania waliendelea kwa muda mrefu kuitaja fedha hai kwa jina hilo la urithi, sambamba na jina jingine walilolipata kwa Waarabu, ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Wanaisimu, yaani wataalamu wa sayansi ya lugha, hawayaungi maneno kuwa ndugu kwa sababu tu yanafanana masikioni. Huyaunga pale ambapo tofauti za sauti kati ya lugha mbili zinafuata kanuni. Msomaji wa Shinyanga anazijua kanuni za namna hiyo hata kama hajawahi kufundishwa darasani: Msukuma husema *mbuli* pale Mswahili asemapo mbuzi, *mbula* pale asemapo mvua, na *numba* pale asemapo nyumba, na tofauti hizo hazikuzuka ovyo, bali ni matokeo ya lugha moja ya kale ya Kibantu kufuata njia tofauti pwani na bara. Vivyo hivyo, lugha nyingi za Ulaya, Uajemi na India ya kaskazini zilitokana na lugha moja ya kale, na sauti ya mwanzo ya neno lake lenye maana ya "hai", iliyokuwa karibu na *gw*, iligeuka kuwa *v* katika Kilatini, *b* katika Kigiriki, *j* katika Kisanskriti, na *kw* katika lugha za Kijerumani. Ndiyo maana Mwingereza aliiita zebaki *quicksilver* na Mjerumani *Quecksilber*, kwa kuwa *quick*, ambayo siku hizi hueleweka kuwa ni upesi, hapo kale ilimaanisha "hai". Waajemi nao walikuwa na tawi lao la shina hilohilo, ambamo sauti ya mwanzo ilikuwa kama *zh* au *z*, na kutokana na kitenzi chao cha kuishi wakaunda jina la metali hii.

Jina hilo la Kiajemi cha kati, lililotamkwa takribani *zhiwag*, liliingia katika Kiarabu. Katikati ya neno ikakaa *b*, na mwishoni, kama ilivyo katika maneno mengi ya Kiajemi yaliyokopwa na Waarabu, ikakaa *q*, likawa *zi'baq*. Kiswahili kilipolipokea kililimalizia kwa irabu, kama kifanyavyo kwa karibu kila neno la kigeni linaloishia na konsonanti, na hivyo likapatikana neno zebaki. Kwa hiyo *vivus* ya Warumi na zebaki ya Waswahili ni matawi mawili ya mti mmoja, moja lililopitia Roma na jingine lililopitia Uajemi na Uarabuni, na yote mawili yanasema jambo lilelile: kitu kilicho hai. Sarufi ya Kiswahili, ambayo huvipa viumbe vyenye uhai upatanisho wa pekee, haikukubali kuipa zebaki heshima hiyo. Husemwa zebaki imemwagika, wala si zebaki amemwagika. Uhai uliomo katika jina umefichika kabisa kwa mtumiaji wake.

Huko Rasi ya Iberia, ambako majeshi ya Waislamu yaliingia mwaka 711 na utawala wao ukadumu katika baadhi ya sehemu hadi 1492, neno hilohilo la Kiarabu, katika umbo lake jingine la *zawuq*, lilichukuliwa pamoja na kibainishi cha Kiarabu, yaani kile kiambishi *al* au *az* kinachotangulia nomino. Kihispania kina desturi ya kulimeza neno la Kiarabu pamoja na kibainishi chake, ilhali Kiswahili kwa kawaida hukiacha kibainishi nje: sukari ya Mswahili ni *azúcar* kwa Mhispania, na zebaki ya Mswahili ni *azogue*. Kusini mwa Hispania, katika jimbo la Ciudad Real, kuna mji ambao kwa karne nyingi uliitwa Almadén del Azogue. Neno la kwanza ni Kiarabu *al-ma'din*, yaani machimbo, ambalo ndilo lililozaa neno la Kiswahili madini, ingawa Waswahili wameliona lile *ma* la mwanzo kuwa ni kiambishi cha wingi na kulihamisha neno kutoka mahali panapochimbwa hadi kwenye vitu vinavyochimbwa. Jina zima la mji huo wa Hispania, kwa hiyo, linaweza kusomwa na mchimbaji wa Nyarugusu bila mkalimani: madini ya zebaki. Machimbo hayo yalifanya kazi kwa takribani miaka 2000, yalitoa karibu theluthi moja ya zebaki yote ambayo binadamu amewahi kuitumia, na mwaka 2012 yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na machimbo ya Idrija ya Slovenia.

 

Kilichofanya zebaki ya Almadén iwe mali ya wafalme ni tabia yake moja, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyoifikisha Geita: huishika dhahabu na fedha na kuviacha vumbi na mawe. Katika miaka ya 1550 Mhispania Bartolomé de Medina alianzisha huko Pachuca, Meksiko, njia ya kutoa fedha katika mawe yaliyosagwa kwa kuyachanganya na zebaki, na tangu hapo meli zilivuka bahari zikiwa zimebeba zebaki ya Almadén kwenda Amerika na kurudi na fedha.

Katika mwalo wa leo, neno ambalo wachimbaji waliliazima kutoka kwa wavuvi wa ziwa wanaoita hivyo mahali pa kutia nanga mitumbwi, kazi hiyo hufanyika kwa mikono na kwa vyombo vya nyumbani. Mawe yaliyotolewa kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji, husagwa kwenye karasha mpaka yawe unga, kisha unga hupitishwa na maji juu ya mteremko uliotandikwa magunia au mablanketi ili chembe nzito zinase, na kile kilichonaswa hukung'utiwa ndani ya karai. Hapo ndipo zebaki humiminwa. Mwoshaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huichanganya na mchanga huo kwa viganja vitupu, akiisugua na kuizungusha majini hadi dhahabu yote ishikwe. Kisha huiweka katika kitambaa na kuikamua, zebaki iliyozidi ikatoka katika nyuzi za kitambaa kama jasho, na ndani pakabaki donge jeupe lenye ugumu wa ugali uliopoa. Karibu nusu ya donge hilo bado ni zebaki, na njia ya kuiondoa ni moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida, na dhahabu, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 1064, hubaki peke yake ikiwa na rangi yake ya njano. Mvuke unaoondoka hauna rangi wala harufu, na takribani asilimia 80 ya kiasi kinachovutwa puani huingia mwilini kupitia mapafu.

Madhara ya kazi hii si ugunduzi wa maabara za karne ya 20. Plinius, mwandishi wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 wakati mlima wa volkano wa Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba fedha hai ni sumu, na pia kwamba ndiyo isafishayo dhahabu vizuri kuliko kitu kingine. Akaeleza jinsi wafanyakazi waliosaga jiwe jekundu lenye zebaki, lililoletwa Roma kutoka Hispania, walivyojifunga nyusoni vibofu vya wanyama ili wasivute vumbi lake. Inauma kufikiri kwamba mfanyakazi huyo wa Kirumi alikuwa na kinga usoni ambayo wachomaji wengi wa dhahabu katika ukanda wa ziwa hawana. Kuanzia karne ya 16 wafungwa na watumwa walipelekwa kwa nguvu Almadén kuchimba na kulisha tanuri, na mwaka 1593 mwandishi Mateo Alemán, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa riwaya yake *Guzmán de Alfarache*, alitumwa huko kwa siri kuchunguza hali yao, akawahoji wafungwa waliosimulia habari za wenzao waliotetemeka na kurukwa na akili kwa sababu ya moshi wa tanuri.

Katika mazingira hayo Kihispania kiliunda kivumishi kingine, *azogado*, kutokana na *azogue*, chenye maana ya mtu aliyeingiwa na zebaki hata akawa anatetemeka. Kivumishi hicho kilitoka machimboni kikaingia mitaani, na hadi leo Mhispania humwelezea mtu anayetetemeka sana kwa kumfananisha na *azogado*, hata kama hajawahi kuiona zebaki. Mantiki ya neno hilo inatisha ikitazamwa kwa makini: kitu kilichoitwa hai kwa sababu hakitulii kilimwingia mtu, naye akawa hatulii. Mikono ilishindwa kushika kijiko, maandishi yalipinda, usingizi ulipotea, kumbukumbu ilififia, na hasira zilizuka bila sababu. Hizo ndizo dalili ambazo madaktari wa leo huzitaja kwa mtu aliyevuta mvuke wa zebaki kwa muda mrefu.

Kiswahili hakina neno kama hilo, na upungufu huo una gharama. Mchomaji wa dhahabu mwenye umri wa miaka 35 anapoanza kutetemeka mikono, jamaa zake hutafuta maelezo katika majina ya maradhi waliyonayo, na majina waliyonayo ni malaria, pombe, presha, mawazo, au mkono wa mtu. Kila mojawapo ya majina hayo lina tiba yake na lawama yake, na hakuna hata moja linaloelekeza kwenye jiko la mkaa lililo nyuma ya nyumba. Mganga wa zahanati naye, asipokuwa amefundishwa kumuuliza mgonjwa kazi yake, huandika kile anachokijua. Watafiti wa tiba waliofika Rwamagasa katika mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa ulioanza mwaka 2002 chini ya shirika la UNIDO waliwakuta wachomaji wenye dalili hizo na wenye zebaki mwilini, lakini matokeo yao yalichapishwa katika lugha na majarida ambayo hayafiki mwaloni.

Ipo hoja kwamba jina haliponyi, na hoja hiyo ina uzito. Almadén ilikuwa na kivumishi chake kwa karne nyingi huku ikiendelea kupokea wafungwa, na huko Huancavelica nchini Peru, Wahispania waliojua vyema maana ya *azogado* waliwalazimisha wenyeji wa milimani kuchimba zebaki mpaka kufa. Hata hivyo, kile kilichojulikana kwa jina ndicho hatimaye kilichodaiwa haki: katika karne ya 18 Almadén ilijengewa hospitali ya wachimbaji, na mwaka 1778 daktari wake, José Parés y Franqués, alikamilisha kazi ndefu kuhusu maradhi ya wachimbaji wa zebaki. Ugonjwa usio na jina hauwezi kuwekwa kwenye fomu, hauwezi kuhesabiwa, na usipohesabiwa hauingii katika bajeti ya halmashauri yoyote.

Sheria, kwa upande wake, imekwenda mbele kuliko lugha. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 uligunduliwa ugonjwa wa kupooza na kuua, uliobainika baadaye kuwa umetokana na kula samaki wenye zebaki ya kiwandani, ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo zichukue hatua za kuondoa mambo manne: kuyamwagia zebaki mawe yote yaliyosagwa badala ya kiasi kidogo kilichochujwa, kuchoma donge hadharani, kuchomea katika makazi ya watu, na kuyachenjua kwa sianidi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, bila kwanza kuiondoa zebaki iliyomo. Uingizaji wa zebaki nchini uko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na vituo vya mfano vya uchenjuaji vya Rwamagasa mkoani Geita na Katente wilayani Bukombe vilijengwa ili kuwaonyesha wachimbaji kwamba dhahabu inaweza kupatikana kwa sianidi bila zebaki, na mara nyingi kwa kiasi kikubwa zaidi. Masoko ya madini yaliyofunguliwa Geita na Kahama mwaka 2019 yamemwondoa mchimbaji mikononi mwa baadhi ya walanguzi. Haya yote ni mambo mema. Lakini mchimbaji anayedaiwa na mwenye karasha, na ambaye hana mtaji wa kusubiri sianidi ifanye kazi kwa siku kadhaa, ataendelea kuchoma donge jioni hiyohiyo ili apate fedha ya chakula, na lawama zote zikitupwa kwake peke yake zitakuwa zimetupwa mahali pasipo haki.

Kwa sasa, basi, kinachowezekana kwa gharama ndogo ni chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba linaloupoza mvuke na kuirudisha zebaki kwenye maji, ambacho mafundi wa kuchomelea vyuma wanaweza kukitengeneza, na ambacho humpa mchimbaji faida ya moja kwa moja kwa kuwa zebaki aliyoinunua kwa bei ghali humrudia badala ya kuingia katika mapafu ya watoto wake. Pamoja na chombo hicho linahitajika jina, na jina lenyewe halihitaji kamati ya miaka mitano. Kiswahili kimekwisha kuonyesha njia yake ya asili: watu wote wanaujua ugonjwa wa sukari, na husema fulani ana sukari, bila kuhitaji neno la Kilatini. Vivyo hivyo, ugonjwa wa zebaki ni jina linaloeleweka na bibi wa Mgusu na daktari wa hospitali ya mkoa kwa kiwango kilekile. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaombwa waliweke katika kamusi pamoja na dalili zake, na wakati huohuo wakusanye msamiati wa mialo na maduara, ambao hadi sasa uko zaidi midomoni mwa wachimbaji kuliko vitabuni. Wizara ya Afya inaombwa ihakikishe kwamba kila zahanati ya Geita, Kahama, Msalala na Bukombe inamuuliza mgonjwa anayetetemeka kama anachoma dhahabu au anaishi na anayechoma. Na mwenye mwalo anayesoma makala haya anaombwa aliondoe jiko la kuchomea dhahabu mahali panapopikiwa chakula na panapolala watoto.